Nyumba Iliyokwama Langoni kwa Levicoy

Pulelfu, Januari 14, 1979
Upepo wa kusini, anga kavu. Nimepima kutoka pembe ya jiko hadi ukingoni, pale nyasi zinapokatika na bahari kuonekana chini: mita nne na sentimita ishirini. Nimetumia utepe wa kushonea wa Orfelina, ambao umesinyaa kwa uzee, kwa hiyo huenda ni pungufu ya hapo.

Naanza daftari hili kwa sababu nimezoea kushika kalamu. Miaka thelathini nilifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji mjini Río Gallegos, ng'ambo ya mpaka, nikisahihisha makosa ya watu wengine kabla hayajachapwa. Mwezi uliopita nchi mbili zilikaribia kupigana, na sisi tuliotoka upande huu tukaambiwa tufungashe. Nilifungasha masanduku mawili, moja la vitabu. Nina umri wa miaka sitini na tisa na nimerudi katika nyumba niliyozaliwa, niliyoiacha nikiwa na ishirini na nne.

Baba aliijenga kwa mbao nyekundu za mlimani, akaivika vigae vya mbao hizo hizo. Alituachia sisi wawili, mimi na kaka yangu Baldomero. Baldomero amefariki miaka sita sasa. Anayeishi humu ni mjane wake, Orfelina, na kuku saba. Tangu tetemeko la mwaka wa sitini pwani yote imezama, na kila msimu wa baridi bahari inachukua kipande.

Kiwanja kingine cha Baba kiko juu, karibu na kanisa, mita mia sita kwa njia ya mkokoteni. Nyumba lazima ipande huko kabla ya mvua za Aprili.

Januari 15
Manyunyu. Hakuna la kuandika.

Januari 19
Nimemwambia Orfelina nia yangu. Alikuwa akichambua kome kwa ajili ya supu, hakuinua macho.

"Sawa, wifi," akasema.

"Tutaita minga. Majirani watakuja na maksai wao, wataivuta, tutawalisha. Kama zamani."

"Sawa."

"Huna maoni?"

"Maoni yangu ni kwamba kome hawa wana mchanga."

Ni mwanamke mgumu kama kuni mbichi. Sijui Baldomero aliongea na nani miaka yote ile.

Januari 22
Nimeandika barua kumi na saba, moja kwa kila nyumba ya Pulelfu. Nimezinakili kwa mwandiko safi. Nimeeleza hali ya ukingo, vipimo vya nyumba (mita tisa kwa saba), urefu wa njia, siku yenyewe (Jumamosi, Februari 10), na kwamba kila jozi ya maksai italipwa kwa kiwango cha haki. Sikutaka mtu aseme nimekuja kutumia nguvu za watu bure baada ya miaka arobaini na mitano. Mwenye duka amekubali kuzigawa.

Orfelina alilitazama lile rundo mezani, akaligusa kwa kidole kimoja kama mtu anayepima chuma cha moto.

"Zote hizi?"

"Zote."

Akaondoka kwenda kulisha kuku.

Januari 29
Mita tatu, sentimita tisini na tano. Mgongo unauma.

Februari 3
Upepo wa kaskazini. Arcadio Levicoy amepita na kukagua nguzo za chini bila kuombwa. Ndiye mwenye maksai bora hapa na ndiye huongoza uvutaji wa nyumba zote. Nilipoondoka alikuwa mtoto wa kamasi. Sasa ana masharubu meupe na tabia ya kugonga kuta za watu kwa kiganja, kama daktari wa ng'ombe.

"Mifupa mizima," akasema, akaenda zake. Hakutaja barua wala siku. Nimemwona mtu wa majivuno.

Februari 9
Tumechimba shimo la kupikia na kukusanya mawe ya kupasha moto ndani yake. Kome wa magunia manne, kondoo wawili, viazi vya kukuna na vya kuchemsha, mikate ya viazi, pombe ya matufaha ya mwaka jana mapipa mawili. Ni chakula cha watu hamsini. Orfelina amefanya kazi tangu alfajiri bila neno. Nilimwuliza kama kitatosha.

"Kitatosha," akasema. Alilisema kwa namna ambayo sikuielewa.

Februari 10, Jumamosi
Nitaandika kwa utaratibu, maana hasira ikitangulia nitakosea.

Saa moja asubuhi mawe yalikuwa mekundu. Saa mbili tulimwaga kome, tukapanga nyama na viazi, tukafunika kwa majani mapana na vipande vya udongo wenye nyasi. Moshi ulipanda wima. Hakukuwa na upepo kabisa, siku nzuri kuliko zote za kiangazi hiki. Nilisimama langoni na kofia yangu ya Gallegos.

Saa tatu hakuna mtu.

Saa nne alikuja Remigio Huenchur, anayechechemea, kinanda chake cha mkono mgongoni. Ana miaka themanini.

"Wengine wako wapi?" nikamuuliza.

"Nilitaka kukuuliza wewe."

"Hukusoma barua?"

"Miwani yangu iko mjini Castro kwa fundi tangu Krismasi. Mimi nimefuata harufu."

Saa nne na nusu akaja Arcadio na jozi moja ya maksai. Alitoa barua yangu mfukoni. Ilikuwa bado imefungwa.

"Hii ni nini, Bi Zunilda? Nimekaa nayo wiki mbili. Nilidhani ni mambo ya kodi."

"Ni mwaliko, Arcadio. Wa leo."

"Mimi nimekuja kwa sababu nimeona moshi wa shimo." Akaigeuza barua. "Nisomee."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye kiwango cha haki aliinua mkono, kama unavyomzuia maksai.

"Hapo rudia."

Nikarudia.

"Umewaandikia hivi watu wote kumi na saba?"

"Ndiyo."

Remigio alicheka mpaka akakaa chini. Arcadio hakucheka. Alivua kofia, akatazama ndani yake.

"Wasioweza kusoma wamekaa nyumbani kwa sababu hawajui. Wanaoweza kusoma wamekaa nyumbani kwa sababu wamejua. Umewaita vibarua, mama. Hapa hakuna vibarua. Kuna jirani, au hakuna mtu."

Tulikula watu wanne chakula cha watu hamsini. Remigio alipiga kinanda kidogo, kwa adabu. Nguruwe wa Pulelfu watakula vizuri kuliko askofu wiki nzima.

Februari 11
Nimeamka na mwili mzito. Nilimkuta Orfelina akisugua sufuria, na kwa mara ya kwanza nikamfokea.

"Ulijua!"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama chakula kitatosha. Hukuniuliza kama watu watakuja."

Nikakaa. Akaendelea kusugua muda, halafu akaacha. Naandika maneno yake jinsi alivyoyasema, maana hajawahi kuniambia mengi hivyo.

"Baldomero alipokufa, kutoka pembe ile hadi ukingoni palikuwa na mita kumi na mbili. Palikuwa na kibanda cha nguruwe pale, na mtufaha. Kila mwaka Arcadio ananiuliza, mama, lini tunavuta? Namwambia, nyumba si yangu. Ni ya wifi yangu. Mwenye nyumba ndiye anayeomba, kwa mdomo wake, kwa miguu yake, mlango kwa mlango. Mimi nimeolewa humu tu. Nikamwomba mwalimu akuandikie. Akakuandikia."

Naikumbuka barua ile. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Ilisema bahari inaikaribia nyumba, itakuwa vizuri nikija. Nilituma fedha za kununua rangi ya ukuta wa upande wa bahari.

"Rangi ilikuwa nzuri," akasema Orfelina. "Imekaa."

Februari 12
Mita tatu na sentimita sitini. Sikutoka nje zaidi ya hapo.

Februari 14
Orfelina amenifundisha namna ya kuomba. Usiseme shida yako mlangoni. Ingia, keti, pokea kibuyu cha yerba, chai chungu ya majani, nyonya mpaka mrija upige kelele, rudisha. Zungumza hali ya hewa. Uliza ng'ombe. Kibuyu cha tatu kikipita, simama. Kuomba ni kwa kusimama.

"Na kama wakikataa?"

"Aliyekwishavutiwa nyumba hakatai. Lakini wewe hujamvutia mtu nyumba, kwa hiyo tutaona."

Februari 15
Nyumba tatu. Wote wamekubali, kwa ajili ya Baldomero, nao wamehakikisha nimelielewa hilo. Magoti.

Februari 17
Nyumba nne. Nimekunywa vibuyu kumi na viwili. Tumbo limekataa chakula cha jioni.

Februari 20
Leo kwa Delfina Cárcamo, ambaye tulikaa dawati moja darasa la pili. Orfelina aliniacha getini. "Huyu ingia peke yako, wifi."

Delfina ni mnene sasa na haoni vizuri jicho moja. Alinipa kibuyu bila kunitazama. Tuliongea mvua. Tuliongea ng'ombe. Kibuyu cha tatu nikasimama.

"Nimekuja kukusumbua, Delfina."

"Keti kwanza."

Nikakaa.

"Mwaka wa sitini nyumba hii ililala ubavu. Nilikuwa ndani na mama yangu. Baldomero alikuja na wenzo begani, kabla hata bahari haijarudi mara ya pili. Wewe ulikuwa wapi, Zunilda?"

Ningeweza kujibu mambo mengi ya kweli. Barabara, mpaka, nauli, kazi.

"Nilikuwa kiwandani Gallegos," nikasema. "Habari za tetemeko zilinipitia mezani. Jina la Pulelfu lilikuwa limeandikwa vibaya. Nikalisahihisha."

"Halafu?"

"Halafu nikapeleka ukurasa kwa mpiga chapa."

"Basi?"

"Basi."

Kuku aliingia ndani, akatoka. Mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuona hata aibu, nilitaka tu kujua nisimame au niondoke.

"Angalau hukudanganya," akasema. "Haya, simama uombe vizuri. Na siku hiyo uwe na wamenyaji wa viazi wa kutosha. Nasikia mara ya kwanza mlipika kama harusi ya mfalme aliyetoroka."

Februari 24
Nyumba kumi na tano zimekubali. Wenye nyumba mbili wako baharini. Tarehe: Machi 10.

Februari 27
Dhoruba ya kaskazini siku mbili. Mita mbili na sentimita sabini na tano. Kipande kilianguka mchana tukiwa mezani. Vijiko vilitikisika kwenye vikombe. Orfelina alishika chake, akaendelea kula.

Machi 4
Mvua.

Machi 5
Mvua. Arcadio amechagua magogo mawili ya kuburuzia nyumba, marefu kama nyumba yenyewe. Nilimwambia moja lina rangi tofauti upande wa mbele.

"Bi Zunilda, wewe soma vitabu, mimi nasoma magogo."

Machi 9
Pamekauka. Mita mbili na sentimita kumi. Tumetoa vioo vya madirisha, jiko la chuma, vitabu, kitanda. Ndani wamefunga mihimili ya msalaba ili kuta zisipindane. Nyumba imekuwa kama mtu aliyevuliwa meno.

Machi 10, Jumamosi
Walikuja. Niliwahesabu kwa mazoea: maksai jozi kumi na nne, wanaume thelathini na wanane, wanawake sikuwahesabu kwa sababu nilikuwa miongoni mwao na kisu mkononi.

Waliinyanyua kwa nyenzo kutoka kwenye nguzo zake, pembe kwa pembe, wakaingiza magogo chini. Arcadio alipanda kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, kofia nyuma ya kichwa. Niliyemwita mtu wa majivuno alikuwa amepauka mdomo.

"Mpo?" akapaza sauti.

"Tupo!"

"Nyumba ya nani?"

Sikujua kwamba huulizwa hivyo. Delfina akanichoma ubavu kwa kiwiko.

"Yangu!" nikasema. "Na ya Orfelina."

"Haya, twende!"

Minyororo ilikaza, maksai wakainama, na kwa pumzi kama tatu hakuna kilichotokea. Halafu nyumba ya Baba ikaguna na kuondoka. Vumbi la miaka sabini lilidondoka kutoka darini. Nguzo zilibaki zimesimama peke yake kwenye nyasi zilizonyauka.

Tulivuka shamba, tukaingia njiani. Remigio alikaa ndani ya nyumba, kwenye sakafu ya sebule, akipiga kinanda huku akiburuzwa, kwa sababu mguu wake haungeweza kupanda. Mita mia tatu. Mia tatu na hamsini. Kwenye kona ya lango la Arcadio mwenyewe gogo la kushoto likatoa mlio kama bunduki, likakatika upande wa mbele, pale rangi ilipobadilika. Nyumba ikalamba chini kwa pembe moja, ikatulia. Hakuna aliyeumia. Maksai mmoja alijikojolea.

Arcadio aliteremka, akalitazama gogo, akaja moja kwa moja kwangu mbele ya watu wote.

"Uliniambia."

Nilikuwa na jibu zuri tayari. Nimeishi kwa kuonyesha makosa ya watu. Lakini nilikuwa nimekaa jikoni mwa Delfina nikiulizwa nilikuwa wapi, na swali lile bado nililihisi mwilini.

"Njoo ule, Arcadio," nikasema. "Viazi vinapoa."

Machi 11
Wanaume wamerudi mashambani. Viazi haviwezi kusubiri. Gogo jipya lazima likatwe mlimani. Wiki mbili, labda. Nyumba imeziba njia yote. Orfelina aliingia ndani na godoro lake, akaanza kufagia. Nami nimeingia na vitabu. Sakafu imeinama, kalamu inabingirika.

Machi 12
Mikokoteni yote ya Pulelfu sasa inapita kwenye malisho ya Arcadio. Amebomoa ua wake mwenyewe ili ipite. Ng'ombe wa mtu ameingiza kichwa dirishani akala kurasa kadhaa za kamusi.

Machi 14
Nilidhani watu watakasirika. Kila anayezunguka anasimama dirishani.

"Hodi! Hii ndiyo posta?"

"Bi Zunilda, leo mmelala mtaa gani?"

Mwanamke mmoja aliomba chumvi. Mwingine alileta mayai. Delfina anapita kila siku saa nne, anaegemeza viwiko kwenye fremu tupu na kunipa habari za watu wote waliokufa tangu nilipoondoka mwaka wa thelathini na tatu, kwa mpangilio wa makaburi. Tumefika safu ya tatu.

Machi 17
Mvua ya upepo wa kaskazini. Tumefunika madirisha kwa magunia. Nimeshuka kupima kutoka nguzo ya pembe ya jiko. Nguzo haipo. Ya pili imeinama juu ya maji. Nilibaki na utepe mkononi, sikuwa na pa kuushikiza.

Sikumwambia Orfelina. Alinitazama viatu vyenye tope, akasema, "Ngapi?"

"Imefika."

Alikaa juu ya sanduku la vitabu, akashusha pumzi ndefu, nikatambua kwamba alikuwa ameishika pumzi ile miaka sita.

Machi 19
Mvua. Kikohozi.

Machi 21
Arcadio huja jioni kukagua mihimili. Siku hizi hubisha hodi kwenye mlango ulio njiani pake mwenyewe. Leo amenipa barua yangu, ile ya Januari. "Nisomee tena ile sehemu ya vipimo." Nikamsomea. "Mita tisa kwa saba. Ulipima vizuri," akasema, akaikunja, akairudisha mfukoni.

Machi 24, Jumamosi
Walirudi wote, hata wale wawili wa baharini. Hakuna aliyeombwa mara ya pili. Niliuliza, nikaambiwa kazi ni ile ile, haijaisha. Saa tano tuko juu. Kwa kuwa kwenye kona ile ilibidi ivutwe kwa upande wa nyuma, nyumba ilifika kinyumenyume, na nyumba haigeuzwi kwa maksai. Kwa hiyo dirisha la jiko, lililokuwa likitazama bahari, sasa linatazama kanisa na zizi la mtu.

Nilimwomba radhi Orfelina.

"Nimeitazama bahari miaka arobaini, wifi," akasema. "Zizi linanitosha."

Machi 30
Vioo vimerudishwa. Kimoja kimepasuka, ni cha chumba changu. Nasikia upepo, sisikii maji. Usingizi hauji kwa urahisi bila maji. Sauti yake nilikuwa nimeisahau, na ilinichukua miezi mitatu kuizoea tena.

Aprili 3
Mvua zenyewe zimeanza. Matufaha yamekamuliwa kwa Delfina. Mabega.

Aprili 8, Jumapili
Baada ya ibada Arcadio alikuja, kofia mkononi, akakaa. Orfelina akampa kibuyu. Akasema mvua za mwaka huu zimewahi. Nikasema kweli. Akauliza kuku. Nikasema wapo. Nilidhani amekuja kwa ajili ya mihimili, mpaka kibuyu cha tatu, alipokirudisha na kusimama.

Orfelina aliacha kufanya alichokuwa akifanya.

"Nimekuja kukusumbua, Bi Zunilda," akasema. Alinitazama mimi, si wifi yangu. "Ghala langu la viazi limekaa majini. Jumamosi, mvua ikiachia, tunalivuta mita themanini tu."

"Mimi sina maksai, Arcadio."

"Una mikono."

"Nina miaka sitini na tisa."

"Viazi havijui umri wa anayevimenya."

Nilisimama, kwa sababu niliona si vizuri kujibu nimekaa. Nikamwambia nitakuja.

Vidole vinauma, mwandiko umekwenda upande. Mezani Orfelina ananoa visu, na ametoa viwili.